Mpwa wangu ana kolesteatoma ndani ya mwamba wa sikio: je, ni lazima sikio lake la ndani litolewe?

Mjomba wa Katuba aliuliza:

Salamu kwenu nyote mnaosoma hapa, hasa wauguzi na madaktari wa masikio. Ninaandika kutoka Lubumbashi kwa niaba ya dada yangu, anayeuza unga sokoni katika komini ya Kenya, na kwa niaba ya binti yake mwenye umri wa miaka 16.

Sikio la kulia la binti huyu limekuwa likitoa usaha tangu alipokuwa na miaka mitano hivi. Usaha huo haukumuumiza, ila ulinuka. Ulikauka kwa miezi kadhaa kisha ukarudi, nasi tukauzoea. Dispansari ya mtaani ilimpa matone kila alipopelekwa, na sikumbuki hata siku moja ambapo mtu alimulika taa ndani ya sikio lenyewe. Nyumbani bibi yake alimtilia mafuta ya mawese ya vuguvugu, kama alivyowafanyia watoto wake wote.

Mwanzoni mwa kiangazi tuliona kwamba binti akicheka mdomo wake unavutwa upande wa kushoto. Katika wiki zilizofuata hali ilizidi kidogo kidogo, hata sasa jicho la kulia halifumbi vizuri anapolala. Wengine walisema amepigwa na upepo, wengine wakataka aombewe kwanza, na miezi minne ikapita. Hatimaye tulimfikisha kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, ambaye alimfanyia skana na kutueleza kwamba ana kolesteatoma iliyotoka katika sikio la kati na kuingia katika sehemu ya mwamba ya mfupa wa panja, kwamba imekwisha kula mifereji ya usawa wa mwili, na kwamba imeufikia mfereji wa neva ya uso. Anapendekeza operesheni kubwa: sikio la ndani litolewe lote, tundu la sikio lishonwe na kufungwa, na shimo litakalobaki lijazwe mafuta yatakayokatwa tumboni mwake mwenyewe.

Ukoo umegawanyika. Bibi anashikilia kwamba sikio hilo bado linasikia, kwa sababu yeye huliziba sikio la kushoto kwa kiganja, humwita binti kwa jina, na binti huitika. Anauliza ni daktari gani huyo anayetaka kuliua sikio lililo hai. Mimi nami nimesoma kwamba kuna njia ya kupita juu ya sikio, chini ya ubongo, inayouacha usikivu salama, wala sielewi kwa nini hatukuambiwa habari zake. Dada yangu anauliza jambo moja tu, kama dawa kali za kuua vijidudu haziwezi kuukausha ugonjwa huu bila kisu. Ninaomba majibu ya kweli, hata kama ni magumu.

Daktari wa ORL, Kampemba, alijibu:

Ndugu Mjomba, pole sana, na umfikishie pole mama wa binti. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo hapa mjini. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo utafiti na kazi ya kila siku vimetufundisha, na uamuzi utabaki kwa mwenzangu aliyemwona.

Weka kidole nyuma ya sikio lako. Mfupa unaougusa hapo ni mastoidi. Kutoka hapo mfupa wa panja unaendelea kuingia ndani kuelekea katikati ya kichwa, ukiwa na umbo la piramidi iliyolazwa, na sehemu hiyo ya ndani ndiyo wataalamu wa kale waliyoiita mwamba kwa sababu ya ugumu wake. Ganda linalolizunguka sikio la ndani ni mfupa uliosongamana na mgumu kuliko mingine yote ya mwili. Hukomaa mapema sana, hata mtoto huzaliwa akiwa na sikio la ndani lenye ukubwa wa mtu mzima, na baada ya hapo karibu halijengwi upya tena. Wachunguzi wa mifupa ya kale huitafuta sehemu hii kabla ya nyingine yoyote kwa sababu hiyo hiyo: jenomu ya mtu wa pango la Mota nchini Ethiopia, aliyeishi takriban miaka 4,500 iliyopita, ambayo ilichapishwa mwaka 2015, ilipatikana katika mwamba wa sikio lake.

Ugumu huo ni ulinzi, lakini kwa mpasuaji ni tatizo, kwa kuwa vitu vilivyofichwa humo haviwezi kusogezwa kama matumbo yanavyosogezwa katika operesheni ya tumbo. Humo imo koklea inayosikia, imo mifereji nusuduara mitatu inayotuweka wima, na neva ya uso inapita katika mfereji wenye urefu wa takriban sentimita 3, ambao mahali pake palipo pembamba zaidi upana haufiki milimita 1. Mbele yake hupita ateri ya karotidi inayolisha ubongo, chini yake hukaa vena kubwa inayoteremka shingoni, na juu yake ubongo umeegemea ubamba mwembamba wa mfupa. Mpasuaji hulazimika kuuchonga mwamba huo kwa keekee ndogo yenye kichwa cha almasi, chini ya hadubini, huku maji yakimwagiliwa ili joto la keekee lisiiunguze neva.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kolesteatoma si saratani, na wala si mafuta, ingawa jina lililotolewa na Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838 linadokeza mafuta. Ni ngozi. Ni ngozi ya kawaida kama ile ya mkono wako, ila imeingia mahali ambapo ngozi haipaswi kuwa, mara nyingi kupitia sehemu ya kiwambo cha sikio iliyovutwa ndani kama mfuko. Ngozi hiyo humwaga magamba yake kila siku kama ngozi nyingine yoyote, lakini magamba hayana njia ya kutokea, hivyo mfuko hujaa, hupanuka, hushikwa na vijidudu, na uchochezi wake huziamsha seli zinazoyeyusha mfupa. Kwa hiyo jibu kwa mama wa binti ni hapana. Matone mazuri ya sikio, pamoja na kulikausha sikio kwa pamba safi, hupunguza vijidudu, usaha na harufu, nasi huyatumia kabla ya operesheni; hata hivyo hakuna dawa ya kuua vijidudu inayoondoa ngozi. Miaka yote ile matone yalikuwa yakikausha usaha, na mfuko ukaendelea kukua nyuma yake.

Kuhusu bibi na kiganja chake, ninamheshimu sana, na jaribio lake si la kipuuzi, kwa kuwa hata wanafunzi wetu wa udaktari hukosea hapo hapo. Sauti inayolifikia sikio moja ikiwa na nguvu ya desibeli 40 hivi au zaidi hulitikisa fuvu na kusikika katika sikio la upande wa pili. Mtu anayeitwa kwa sauti ya kawaida karibu na sikio hupata sauti kubwa kuliko hiyo, na kiganja kilichoziba sikio zima, yaani lile lisilo na ugonjwa, hakitoshi kuizuia. Inawezekana kabisa kwamba binti anaitika kwa sikio la kushoto. Ndiyo sababu kipimo cha usikivu kinachoaminika hufanywa huku sikio zima likipewa kelele ya kulifunika, ili lisimjibie mgonjwa. Ninakuomba uulize jambo hili moja: kipimo cha binti kilifanywa kwa kelele ya kufunika au bila hiyo? Pamoja na hayo, daktari anaweza kuuweka uma wa sauti katikati ya paji la uso. Binti akiisikia sauti upande wa kushoto, yaani upande wa sikio zima, hiyo ni dalili kwamba sikio la ndani la kulia limekufa au limedhoofika sana. Akiisikia upande wa kulia, kasoro kubwa iko katika sikio la kati, na hapo swali la bibi linapata uzito mkubwa.

Nitarudi kuandika kuhusu njia za operesheni nikipata jibu hilo. Jambo la uso, hata hivyo, halingoji. Kupooza kwa uso kunakoitwa kwa jina la Bell huja ghafla, kwa kawaida ndani ya saa 72, na wengi hupona. Uso unaopooza polepole kwa wiki na miezi si ugonjwa huo, na mtu yeyote mwenye dalili hiyo anapaswa kutafutiwa kitu kinachoibana neva, hasa kama sikio la upande huo linatoa usaha. Misuli ya uso isiyopata amri ya neva huanza kunyauka, na ikipita miezi 12 au zaidi, hata neva ikiunganishwa vizuri, matokeo huwa hafifu. Miezi minne si kuchelewa kabisa.

Fundi wa skana aliandika:

Baba Mjomba, ninafanya kazi katika chumba cha picha. Ninaongeza machache yanayohusu picha, kwa kuwa ninaona familia zikitumia fedha mara mbili kwa kipimo kimoja.

Skana ya kichwa ya kawaida, ile anayofanyiwa mtu aliyeanguka na pikipiki, mara nyingi hukata vipande vyenye unene wa milimita 5. Kwa mwamba wa sikio picha hiyo haifai, kwa maana unene wote wa neva ya uso unaweza kupotea ndani ya kipande kimoja. Hakikisheni karatasi ya daktari inasema wazi kwamba ni skana ya mifupa ya panja, yenye vipande vya unene wa chini ya milimita 1. Ombeni mpewe diski yenye picha zote, si filamu mbili tu, kwa sababu mpasuaji atataka kuufuata mfereji wa neva kipande kwa kipande kabla hajashika kisu. Na binti avue hereni na vibanio vya nywele vya chuma, kwa kuwa chuma huchora miale inayoficha mfupa.

Skana huonyesha mfupa ulioliwa, ila haisemi kwa uhakika nani ameula. Hapo ndipo IRM, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, inapohitajika. Kuna ugonjwa mwingine wa ncha ya mwamba, granuloma ya kolesteroli, ambao katika skana hufanana sana na kolesteatoma, lakini wenyewe ni maji mazito yenye damu ya zamani. Katika IRM granuloma hiyo hung'aa hata katika picha za T1 (aina mojawapo ya picha za IRM) zisizo na dawa ya kung'arisha, wakati kolesteatoma huwa na giza katika T1 na hung'aa katika picha za mtawanyiko wa maji. Tofauti hii si ya jina tu: granuloma hutobolewa na kutolewa maji, lakini kolesteatoma lazima ing'olewe ngozi yake yote. Nimewahi kuona pia mtu akitishwa bure, kwa kuwa takriban theluthi moja ya watu wana vishimo vya hewa katika ncha ya mwamba, na mara nyingine huwa upande mmoja tu, hata pande mbili zikaonekana tofauti bila ugonjwa wowote.

Mama kutoka Likasi aliandika:

Ninaomba radhi kuingilia, lakini kisa hiki kimenikumbusha mwanangu. Alikuwa na miaka tisa. Sikio lilitoa usaha, homa ikapanda, akalia kwamba nyuma ya jicho kunamchoma usiku na mchana, kisha jicho hilo likageukia ndani kuelekea pua akawa anaona vitu viwili viwili. Kwa wiki mbili tulizunguka kwa watu wa macho, akapewa hata miwani. Aliyetusaidia ni muuguzi mzee aliyeuliza, kabla ya swali lingine lolote, kama mtoto ana sikio linalotoa usaha. Alilazwa, akapewa dawa ya mshipani kwa wiki kadhaa, na mfupa wa nyuma ya sikio ukafunguliwa ili usaha utoke. Jicho lilirudi mahali pake baada ya miezi miwili hivi. Je, huo nao ni ugonjwa huu huu?

Daktari wa ORL, Kampemba, alijibu:

Mama, ninafurahi kwamba mtoto alipona. Mwamba ni ule ule, ila ugonjwa ni mwingine. Dalili tatu ulizozitaja, yaani usaha wa sikio, maumivu ya nyuma ya jicho na jicho kushindwa kutazama nje, zilielezwa pamoja mwaka 1904 na Giuseppe Gradenigo wa Italia, na hadi leo tunaziita kwa jina lake. Vijidudu hupenya katika vishimo vya hewa hadi ncha ya mwamba, na hapo neva ya sita, inayoligeuza jicho kutazama nje, hupita katika mfereji mwembamba ambao Mwitalia mwingine, Dorello, aliuchunguza. Jirani yake hukaa fundo la neva ya tano inayopeleka hisia za uso, na ndilo linaloleta maumivu yale. Kwa mwanao ulikuwa uambukizi wa vijidudu, kwa hiyo dawa ya mshipani na kuutoa usaha vilitosha. Kabla ya kupatikana kwa penisilini, wengi wa namna hiyo walifikwa na uambukizi wa utando wa ubongo na kufa. Muuguzi yule alifanya kazi kubwa.

Mjomba wa Katuba aliandika:

Daktari, nimefanya kama ulivyosema. Nilimrudia daktari wetu na kumuuliza kuhusu kelele ya kufunika. Hakukasirika, alisema ni swali zuri, akatuonyesha karatasi. Kipimo cha kwanza kilifanywa katika kituo kingine bila kufunika, na hicho ndicho kilichoonyesha kwamba sikio la kulia linasikia kidogo. Kipimo cha pili kilifanywa kwa kufunika, na upande wa kulia haukujibu hata kwa sauti ya juu kabisa ya mashine. Kisha akauweka uma wa sauti kwenye paji la uso mbele ya bibi, na binti akaonyesha kidole upande wa kushoto. Akaurudia mara tatu, bibi akiangalia. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Tangu lini?" Daktari alisema hakuna anayeweza kujua, huenda ni miaka.

Mwangaza wa IRM umefanana na ulivyoelezwa na ndugu fundi wa skana: giza katika T1, kung'aa katika picha za mtawanyiko. Karatasi imeandika kwamba kolesteatoma imeenea juu na chini ya labirinthi, yaani sikio la ndani, na kuizunguka koklea. Sasa ninaomba unieleze operesheni yenyewe, na ile njia ya juu niliyoisoma.

Daktari wa ORL, Kampemba, alijibu:

Ndugu Mjomba, asante kwa kurudi na jibu kamili. Sasa ninaweza kusema kwa uwazi zaidi.

Mwaka 1993 Mario Sanna na wenzake wa Piacenza, Italia, waliigawa kolesteatoma ya mwamba katika aina tano kwa kufuata mahali ilipo kuhusiana na labirinthi: iliyo juu yake, iliyo chini yake, iliyoimeza labirinthi yote, iliyo chini na kufika nchani, na iliyo katika ncha peke yake. Mgawanyo huo unatumika sana kwa sababu unamwambia mpasuaji apitie wapi na nini kinaweza kuokolewa. Njia ya juu uliyoisoma ilifungua ukurasa mpya mwaka 1961 mikononi mwa William House wa Los Angeles: fuvu hufunguliwa juu ya sikio, ubongo huinuliwa taratibu, na mwamba hufikiwa kutoka darini badala ya mlangoni. Ni njia nzuri kwa kolesteatoma ndogo iliyo juu ya labirinthi, kwa mtu ambaye koklea yake bado hai. Lakini kwa ugonjwa ulioizunguka labirinthi pande zote, mpasuaji anayepita juu haoni kilichoko chini, na akiiacha hata chembe ya ngozi yenye ukubwa wa punje ya mtama, chembe hiyo itaanza tena kumwaga magamba. Hamkuambiwa habari za njia hiyo, nadhani, kwa kuwa haimhusu binti. Hata hivyo mlistahili kuelezwa ni kwa nini haimhusu.

Katika ugonjwa huu tunalinda vitu kwa mpangilio. Kwanza uhai, maana kolesteatoma iliyobaki inaweza kufungua njia ya vijidudu kwenda kwenye utando wa ubongo au kuleta jipu ndani ya ubongo wenyewe. Pili uso. Usikivu huja wa tatu, na kwa binti huyu usikivu umekwisha kuondoka kabla ya daktari yeyote kumgusa. Nisingependa bibi ajilaumu kwa ajili ya mafuta yake, kwa kuwa mafuta hayakuiumba kolesteatoma. Kilichokosekana ni mtu wa kumulika taa, na kosa hilo ni letu sisi watu wa afya.

Operesheni mliyopendekezewa inaitwa kuondoa sehemu kubwa ya mwamba, na aliyeieneza zaidi ni Ugo Fisch wa Zurich. Vishimo vyote vya hewa vinavyofikika huchongwa na kusafishwa, mrija unaounganisha sikio na pua huzibwa, tundu la sikio hushonwa liwe kama mfuko usio na mdomo, na shimo hujazwa mafuta ya tumbo. Watu hushangazwa na mafuta hayo, ilhali kazi yake ni ya maana: huziba njia ya maji ya ubongo, yasivuje kwenda puani, na hulitenga shimo na dunia ya nje. Zamani wapasuaji wengi walipendelea kuliacha shimo wazi ili waweze kulichungulia miaka yote, kwa hofu ya kuifungia kolesteatoma ndani bila kujua. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Kilichoipunguza ni ile ile picha ya mtawanyiko ya IRM, ambayo siku hizi inaweza kuonyesha mabaki yenye ukubwa wa milimita 3 hivi bila kumfungua mgonjwa tena. Kwa hiyo tafadhali muandae, tangu sasa, fedha na nia ya IRM za kufuatilia kwa miaka kadhaa. Aliyefungwa shimo na asirudi kupigwa picha yuko katika hatari kuliko aliyeachwa wazi.

Kuhusu neva ya uso, mpasuaji atakayeufungua mfereji atakuta jambo moja kati ya mawili. Akikuta neva imebanwa tu, ataiondolea mzigo, na mara nyingi uso hurudi kwa kiasi kikubwa baada ya miezi. Akikuta imeliwa na kukatika, ataiunganisha kwa kipande cha neva ya hisia kutoka shingoni au mguuni. Katika kipimo cha House na Brackmann cha mwaka 1985, ambacho kina madaraja sita kuanzia uso mzima hadi uso uliokufa, neva iliyounganishwa hivyo kwa kawaida haipiti daraja la tatu kwa uzuri: jicho litafumba, mdomo utasogea, lakini kicheko hakitalingana kabisa pande mbili. Ninalisema hili mapema kwa sababu ni binti wa miaka 16, na ni haki yake kulijua kabla ya kulazwa.

Mwulizeni mpasuaji mara ngapi amefanya kazi ya namna hii katika mwamba, na kama atakuwa na kifaa cha kuifuatilia neva ya uso wakati wa kuchonga. Si utovu wa adabu. Ujuzi huu hupatikana kwa kuchonga mifupa mingi ya mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa, na hata mtu aliyebobea katika operesheni za kawaida za mastoidi anaweza kukiri kwamba mwamba ni kazi ya mwenzake. Akiwaelekeza nje ya mji au ng'ambo ya mpaka, msimdharau.

Mwenye sikio moja, Ruashi, aliandika:

Mimi nilifanyiwa operesheni hii miaka sita iliyopita, upande wa kushoto, nje ya nchi. Ninataka kusema na binti mwenyewe kama anasoma.

Mdogo wangu, siku ya kwanza niliyoamka kilichoniuma zaidi kilikuwa tumbo, pale walipokata mafuta, wala si kichwa. Kizunguzungu kilikuwepo kwa siku chache tu. Waliniambia kwamba, kwa kuwa mifereji yangu ya usawa ilikuwa imekufa zamani, ubongo ulikuwa umekwisha kuizoea hali hiyo. Walinihimiza nitembee mapema, nikishika ukuta, nami nilitembea. Usiku gizani ndipo nilipoyumba zaidi, na hadi leo siendi msalani bila taa.

Utagundua kwamba kusikia kwa sikio moja si kusikia nusu. Ninafuata mazungumzo, ninafundisha darasa, ninaimba kwaya. Nilichopoteza ni kujua sauti inatoka wapi. Pikipiki ikipiga honi mimi hutazama pande zote mbili kabla sijapiga hatua, kwa maana sikio peke yake litanidanganya. Mezani ninakaa upande ambao watu wote wako kulia kwangu. Katika kelele ya soko au ya harusi ninachoka haraka, na nimejifunza kumwambia mtu asogee badala ya kujifanya nimesikia. Daktari aliniambia kuna kifaa kinachofungwa kwenye mfupa wa fuvu na kupeleka sauti ya upande wa kiziwi hadi kwenye sikio zima. Sijakipata, lakini ni vizuri ujue kwamba kipo.

Uso wangu ulirudi taratibu sana. Mwezi wa saba, nikipiga mswaki, niliona kona ya mdomo imesogea. Nilimwita mama yangu aje aone.

Mjomba wa Katuba aliandika:

Nimemsomea binti maneno yenu yote, na haya ya mwisho ameyasoma mwenyewe mara mbili. Bibi amekubali. Daktari wetu amesema wazi kwamba kazi hii inazidi vifaa vyake, anatuandikia barua kwa mpasuaji wa Lusaka, na ukoo umeanza kuchanga kwa ajili ya safari ya kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Nina swali moja la kumalizia. Jicho lake la kulia limeanza kuwa jekundu asubuhi, naye anasema kuna kama mchanga ndani yake. Je, lingoje operesheni?

Daktari wa ORL, Kampemba, alijibu:

Hapana, jicho hilo lishughulikiwe leo. Kope isiyofumba huacha kioo cha jicho kikikauka, na kidonda kikitokea hapo kinaweza kuacha kovu la kudumu hata uso ukipona. Mchana atiwe matone ya machozi ya bandia kila saa au kila baada ya saa mbili. Usiku apakwe marhamu ya macho, kisha kope ifumbwe kwa vidole na kushikiliwa kwa utepe laini wa hospitali, kuhakikisha kwamba pamba au kitambaa hakigusi jicho lenyewe. Avae miwani akitoka nje kwenye vumbi. Na kesho asubuhi apelekwe kwa daktari wa macho ili kioo kipimwe kwa rangi, kwa kuwa wekundu pamoja na hisia ya mchanga vinaweza kuwa mwanzo wa kidonda.

Kwa safari, sikio likae kavu, na barua, diski ya skana, IRM na karatasi zote mbili za usikivu msiziweke katika mzigo wa juu ya basi. Njiani au kabla ya safari, akipata homa na maumivu makali ya kichwa na shingo ikakaza, au maji meupe kama ya kisima yakitoka katika sikio au pua, msiendelee. Ingieni hospitali iliyo karibu na mwambieni daktari wa zamu, kabla ya maneno mengine, kwamba ana kolesteatoma ndani ya mwamba.